Treni za mfano Tokyo: uende Akihabara, kwa Kato, Ginza au Nakano?

Safari yangu ya kwanza Tokyo nilipoteza nusu siku nikitafuta treni za mfano. Niliandika kwa Kiingereza kwenye ramani ya simu, ikanipeleka kwenye duka la midoli ya watoto wachanga, halafu kwenye duka la zawadi lenye sumaku za kubandika kwenye friji. Safari ya pili, kijana wa mapokezi hotelini aliomba simu yangu, akafuta nilichoandika, akaweka herufi nne: 鉄道模型. Hutamkwa tetsudo mokei, yaani treni za mfano. Ramani ikajaa vidoti vyekundu kama mgonjwa wa surua. Zinakili herufi hizo uzihifadhi. Zitakufaa kuliko anwani yoyote nitakayokupa, maana maduka haya huhama majengo mara kwa mara.

Basi shida ikawa nyingine: maduka mengi, siku moja. Mimi huenda Japani kwa mambo ya magari. Mnada ukiisha na makaratasi yakikaa sawa, hubakiwa na siku moja kabla ya ndege, mara chache mbili. Wengi wanaoniuliza wako hivyohivyo: mwanafunzi anayepita, baharia aliyeshuka Yokohama, mtu wa semina. Nitalinganisha sehemu nne: Akihabara, duka la Kato (kampuni inayotengeneza treni za mfano) kule Nishi-Ochiai, Ginza, na Nakano pamoja na maduka ya mitumba. Sitazipa nafasi sawa, kwa sababu hazistahili nafasi sawa.

Kabla ya duka, ukubwa

Ukiingia dukani hujui unataka ukubwa gani, utatoka na mfuko wa vitu visivyokaa kwenye reli moja. Treni nyingi za mfano zinazouzwa Japani ni za N: reli ya upana wa milimita 9, injini ya umeme wa volti 12. Treni za kawaida hupunguzwa mara 150, Shinkansen (treni za mwendo kasi) mara 160. Behewa la mita 20 linakuwa na urefu wa sentimita 13 na kidogo, kwa hiyo treni nzima ya mabehewa sita inakaa juu ya meza ya chakula. Ukubwa wa pili ni ule wa kupunguza mara 80 juu ya reli ya milimita 16.5, na kando yake kuna kundi dogo la wenye msimamo mkali wanaopunguza mara 87 juu ya reli ya milimita 12. Mdogo kuliko N ni Z, mara 220, ambao kampuni ya Rokuhan ndiyo inauuza sana huko.

Kwa nini nahangaika na namba? Mzee wangu alikuwa fundi kwenye karakana ya TAZARA Mbeya, na nimekulia kando ya reli yenye upana wa milimita 1,067. Reli za kawaida za Japani zina upana huohuo. Sasa piga hesabu. Milimita 9 mara 150 ni 1,350, kwa hiyo treni za N za Kijapani zinatembea juu ya reli iliyo pana mno, ila macho huzoea. Milimita 16.5 mara 80 ni 1,320, kosa lilelile. Lakini 12 mara 87 ni 1,044, karibu kabisa na ya kweli. Mtu anayetaka kujijengea stesheni ya Makambako sebuleni, reli yake ni hiyo ya milimita 12, na itamfaa pia anayetaka reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, ambayo ni ya upana wa mita moja. Anayeota SGR ana bahati zaidi: 9 mara 160 ni 1,440, na SGR ni 1,435. Reli ya N iliyotengenezwa kwa ajili ya Shinkansen ndiyo SGR yako.

Treni ya TAZARA yenyewe sijaiona dukani. Ninachonunua ni reli na mabehewa ya kubadilishabadilisha rangi.

Akihabara

Hapa ndipo kila mtu atakakokutuma, na si vibaya. Ukitoka kituoni upande wa Showa-dori unakutana uso kwa uso na Yodobashi, duka kubwa la ghorofa nyingi lililofunguliwa mwaka 2005. Treni ziko ghorofa ya sita pamoja na midoli na ndege za kuunganisha. Kampuni za Kato, Tomix, Green Max, Micro Ace, Rokuhan, zote zipo. Reli, rangi, gundi, nyumba ndogo, watu wadogo waliokaa kwenye mabenchi madogo. Bei mara nyingi iko chini ya ile ya katalogi. Ukiwa na pasipoti unasamehewa kodi ya mauzo, asilimia 10, mradi ununuzi wako wa siku hiyo dukani hapo ufike yen 5,000 kabla ya kodi. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu unageuka: utalipa yote dukani, kisha utarudishiwa ukishaonyesha mzigo wakati wa kuondoka nchini. Kwa hiyo usizike boksi chini ya sanduku.

Ninachokosa Yodobashi ni mtu wa kuongea naye. Wahudumu wana adabu na wana haraka. Ukiuliza kama kichwa hiki cha treni kitakata kona hii, atakufungulia katalogi.

Vuka upande wa pili wa kituo, ule wa maduka ya umeme, na mambo yanabadilika. Huko kuna maduka madogo yaliyopandana ghorofa juu ya ghorofa, na lifti za kubana watu wanne na mabegi yao. TamTam ina vitu vipya vya kila aina ya ufundi wa mikono. Popondetta na Pochi zinauza na kununua treni zilizotumika, na hapo ndipo mimi hupotelea. Herufi za kukariri ni mbili tu: 中古, yaani kilichotumika. Ukiona ジャンク, hicho ni kibovu au hakijapimwa; kinauzwa kama kilivyo, na ukikirudisha hawakipokei.

Mtumba wa treni Japani si kama mtumba wa soko la Karume, ambako unachambua na kubahatisha. Kila boksi lina stika yenye daraja la hali yake na kasoro zote: kishikio cha kuunganishia behewa kimekosekana, taa ya nyuma haiwaki, namba zimebandikwa. Hilo la mwisho lilinishangaza mpaka nikaelewa. Seti nyingi mpya huuzwa bila namba za mabehewa. Unapewa karatasi ya namba za kuhamishia kwa kusugua, uchague mwenyewe. Kwenye mtumba mwenye mali wa kwanza ameshachagua.

Boksi lenyewe linafunguka kama kitabu. Ndani kuna sponji iliyokatwa vitanda, kila behewa kwenye kitanda chake. Ukisema unalitaka, muuzaji analifungua mbele yako kaunta, anatoa kichwa kwa vidole viwili, anakiweka kwenye kipande cha reli kisichozidi urefu wa mkono, anakipeleka mbele na nyuma, anageuza kuonyesha taa pande zote mbili. Usione haya kuchukua muda wako hapo. Mimi hutazama mambo matatu: magurudumu yenye utando mweusi (hayo husafishwa, usiyaogope), mpira mwembamba unaovishwa gurudumu ili lishike reli (ukikakamaa kichwa kitateleza, lakini mpira hubadilishwa), na vishikio vya kuunganishia mabehewa. Kishikio kilichovunjika ndicho cha kuombea punguzo, tena kimyakimya, kwa sababu kupunguziana bei si desturi yao na mara nyingi jibu ni tabasamu.

Baadhi ya maduka haya yana meza kubwa ya reli ya kukodi kwa saa. Unalipa, unaweka treni yako uliyonunua dakika kumi zilizopita, unaiendesha. Kwa mgeni anayelala chumba cha hoteli kisicho na nafasi hata ya kufungua sanduku, hakuna namna bora ya kupima mali kabla ya kuisafirisha kilomita elfu kumi na zaidi.

Kwa Kato

Kampuni hii ilianza mwaka 1957, na mwaka 1965 ikatoa C50, kichwa cha mvuke kilichofungua soko la N Japani. Duka lake la maonyesho, Hobby Center, liko Nishi-Ochiai, mtaa wa makazi usio na kelele za Akihabara. Unashuka Ochiai-minami-nagasaki kwenye njia ya Oedo na kutembea kidogo. Nje utaona behewa la kweli, jekundu, la kampuni ya Keikyu, limeegeshwa kana kwamba limekosea njia.

Kwa bei peke yake, Yodobashi inashinda. Kato hukaa karibu na bei ya katalogi. Kwa uchaguzi pia Yodobashi inashinda, kwani hapa utapata Kato na kidogo cha wengine, wakati kule kampuni zote zimepangwa rafu kwa rafu. Lakini kuna mawili ambayo huyapati kwingine kwa urahisi.

La kwanza ni vipuri. Nilikuwa na kichwa cha EF65 kilichoanguka mezani nyumbani na kuvunjika bogi moja, ile fremu ya chini yenye magurudumu. Nilikwenda na boksi tupu tu. Dada wa kaunta alisoma namba ya bidhaa ubavuni, akainua kidole kuniomba nisubiri, akarudi na kifuko cha plastiki chenye bogi mpya, magurudumu na kishikio chake. Sikuhitaji Kijapani wala Kiingereza. Ndiyo maana nawaambia watu: ukienda Kato, nenda na boksi la mgonjwa, au angalau picha ya namba yake.

La pili ni kuona treni zikikimbia kwenye reli zilizotandazwa sawasawa, zenye kona na madaraja, kabla hujaamua ununue reli za nani. Na uamuzi huo ni mzito kuliko wa treni. Treni ya Tomix itatembea juu ya reli za Kato bila tatizo. Reli za Kato na za Tomix ndizo haziungani zenyewe kwa zenyewe mpaka upate kipande maalumu cha kuziunganisha. Hata njia mbili sambamba zinaachana tofauti: Kato milimita 33 kutoka katikati ya njia moja hadi nyingine, Tomix 37. Ukianza na mmoja umefunga naye ndoa. Mimi niko na Kato kwa sababu viungio vyake vinavumilia kuungwa na kubomolewa kila Jumapili na watoto. Jirani yangu mmoja mwenye meza ya kudumu yuko na Tomix, na hataki kusikia neno.

Ginza

Tenshodo ni duka la saa na vito lililoanzishwa mwaka 1879, na ndani ya biashara hiyohiyo likaingiza treni za mfano baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mambo mawili hayo hayajatengana hadi leo: saa za bei mbaya upande mmoja, vichwa vya mvuke vya shaba ya njano upande mwingine, vimewashiwa taa za aina moja. Treni hizi ziliwahi kupendwa sana Marekani, zikiingizwa kule na kampuni ya Pacific Fast Mail, na kwa muda mrefu mashabiki wa Marekani walilijua vizuri jina la Tenshodo.

Ukilinganisha na Akihabara kwa mtu wa kununua, hakuna mashindano. Kichwa kimoja cha shaba kinafika laki kadhaa za yen, na kwa pesa hiyo Akihabara unajaza sanduku. Nenda Ginza kuangalia kazi ya mikono: bomba nyembamba kama uzi lililopindishwa kufuata tumbo la tanki, ribiti zilizopangwa mstari. Dakika ishirini zinatosha. Vaa shati safi.

Anayetaka ile reli ya milimita 12 niliyoitaja asitafute Ginza. Atafute maduka ya IMON, ambayo ndiyo yameishikilia. Nako bei ni kali, lakini reli na magurudumu huuzwa peke yake, na mjenzi wa TAZARA hahitaji zaidi.

Nakano na mitumba ya pembezoni

Nakano Broadway ni jengo la mwaka 1966, lenye vichochoro vya ndani na maduka madogo kama mabanda ya soko lililoezekwa. Mandarake, kampuni ya maduka ya mitumba ya vikatuni, ilianzia hapo mwaka 1980 na sasa imetapakaa jengo zima. Kwa vikatuni, sanamu na midoli ya zamani, Nakano ni pepo. Kwa treni peke yake, nadhani inasifiwa kupita kiasi. Utakuta kabati moja hapa, mbili pale, na bei za vitu adimu zinazomlenga mkusanyaji. Kama una mwenzako asiyejali treni, Nakano itawapatanisha. Kama uko peke yako na una saa tatu, baki Akihabara.

Mitumba ya kweli iko nje ya mji, kwenye maduka ya Hobby Off. Yako mengi kwenye vitongoji, mara nyingi ndani ya jengo moja na Hard Off inayouza redio na magitaa. Kule kuna vikapu vya ジャンク: behewa moja bila boksi, reli zilizofungwa kwa mpira, vibanda vya stesheni vilivyopoteza mlango. Mimi hutoa humo mabehewa ya kupaka rangi upya, maana sina uchungu nayo yakiharibika. Ila ni kubahatisha. Unaweza kwenda mwendo wa saa nzima ukarudi na swichi moja ya reli. Kwa mtu wa siku moja, hapana. Kwa mwanafunzi anayekaa mwaka, hilo ndilo duka lake.

Kama mnunuzi ni mtoto

Mtoto wa dada yangu, miaka mitano, alinituma: "Mjomba, usisahau ile yenye pua ndefu." Alimaanisha Shinkansen ya E5, ambayo pua yake ya kweli ina urefu wa mita 15. Nilimpelekea ya N, nikiwa najisifu. Haikumaliza wiki. Mtoto wa umri huo mnunulie Plarail, zile treni za plastiki zenye reli za buluu ambazo zimekuwa sokoni tangu mwaka 1959. Inatumia betri, inavumilia kukanyagwa, na ipo Yodobashi ghorofa ileile. E5 nayo ipo.

Na kama mko na watoto Tokyo kwenyewe, sahau maduka kwa siku moja muwapeleke Makumbusho ya Reli ya Omiya, yaliyofunguliwa mwaka 2007 kurithi yale ya zamani yaliyokuwa jirani na Akihabara. Kuna treni za kweli za kupanda, na meza ya treni za mfano ambayo watu wazima huitolea macho kuliko watoto.

Umeme

Hili ningekuwa nimeambiwa mapema ningeokoa pesa. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Kifaa cha kuendeshea treni, kile chenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo, nilikichomeka ukutani Dar es Salaam kwa adapta ya pini tu, nikijua pini ndiyo tofauti pekee. Kulisikika mlio mdogo, kama mtu aliyefyonza meno, kisha harufu. Ilikuwa kosa langu: stika ya chini iliandikwa wazi AC100V.

Soma stika hiyo dukani. Ikiandikwa 100-240V, unachohitaji nyumbani ni pini tu. Ikiandikwa 100V peke yake, ama ununue transfoma ya kushusha umeme, ama uache kifaa hicho Tokyo na utafute cha Ulaya chenye kutoa volti 12. Hapa tena Yodobashi na Kato wanatofautiana na duka la mtumba: kwao unaweza kuomba chenye umeme mpana, kwenye mtumba unapata kilichopo.

Siku moja, njia moja

Kwa bahati sehemu tatu kati ya nne zinashikwa na njia moja. Treni za njano za Sobu hutoka Akihabara hadi Higashi-Nakano bila kubadilisha. Hapo unaingia Oedo, na kituo cha pili ni cha Kato. Ukipitiliza Higashi-Nakano kituo kimoja, uko Nakano. Ginza iko upande mwingine, lakini njia ya Hibiya inakufikisha moja kwa moja kutoka Akihabara.

Mimi huanza na Kato asubuhi, baada ya kuhakikisha mtandaoni kwamba siku hiyo hawajafunga, kwa sababu vipuri ndivyo visivyosubiri. Mchana narudi Akihabara upande wa mitumba, ambako maduka hufunga mapema. Reli, gundi na Plarail ya mtoto wa dada naviacha mwisho kabisa. Yodobashi hufunga saa nne usiku, na kwenye saa tatu hivi ghorofa ya sita huwa imepungua watu kiasi kwamba hata yule mhudumu wa katalogi ana dakika moja ya kukusikiliza.